Vikonyo vya Senti ya 1801

Jumapili, 1 Machi 2009
Shangazi Otilia, daftari ulilonitumia kutoka Morogoro nimelifungua leo. Naahidi kukueleza yote, hata yatakayonifedhehesha.

Jambo kubwa: Jumamosi ni maonyesho ya klabu yetu ya sarafu, huku ughaibuni Don Mills. Sisi watoto tumepewa kabati moja la kioo, nafasi ya sarafu moja. Mwaka jana ilikaa ya mwenzangu Tazmin, naye akailinda kama askari wa benki. Mwaka huu itakaa yangu.

Nina senti mbili za shaba za Marekani, zote za 1801. Moja nyeusi, moja nyekundu. Zimesagika sana. Nilizichagua kwenye kopo la Mzee Roshanali, mwenyekiti wetu, mzaliwa wa Tanga. Ametufundisha kwamba zamani mafundi walichonga kwa mkono mihuri ya kugongea sarafu, kila mmoja na makosa yake. Upande wa nyuma kuna shada la majani lenye vikonyo viwili. Fundi mmoja alisahau kikonyo cha kushoto. Senti zake ndizo zinazotafutwa.

Jumatatu, 2 Machi
Kwa macho sioni kitu. Tazmin ana lenzi, lakini kumwomba ni kumfungulia siri.

Nimepata njia. Mama alikuwa anakanda unga wa chapati. Nimemega madonge mawili, nikakandamiza kila senti kwenye donge lake. Alama zimetoka safi kuliko senti zenyewe. Donge la senti nyeusi: kikonyo cha kushoto hakuna. La senti nyekundu: cha kushoto kipo, cha kulia ndicho hakuna. Huo ni uchakavu tu.

Mama akauliza kama nilinawa mikono. Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema hata sayansi hunawa.

Jumatano, 4 Machi
Nimempa Tazmin senti nyekundu, naye kanipa lenzi yake. Nilijifanya naumia kuachana nayo. Tazmin anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza siku zote. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia polepole, nina hakika, dada. Aliitazama senti kwa lenzi muda mrefu kabla ya kunikabidhi. Nadhani alikuwa anaiaga lenzi.

Nyumbani nimeyakagua madonge yote mawili kwa lenzi. Matokeo yaleyale. Sasa hakuna shaka.

Ijumaa, 6 Machi
Baba katoka kazini na njaa, kalikuta donge la senti nyekundu juu ya hita, kalikaanga. Kamlalamikia Mama kwamba chapati za siku hizi ni ngumu. Hasara si kubwa. Donge la nyeusi nimelifungia kwenye kopo la siagi.

Jumamosi, 7 Machi
Nilisimama mbele ya watu wote, nikafungua kopo la siagi. Mzee Roshanali alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza, muhuri wa ofisi, maandishi yake yamechongwaje? Nikajibu, kinyume, ili karatasini yasomeke sawa. Akasema, basi mwanangu, unga wako ndio karatasi. Kushoto kumekuwa kulia.

Akaitazama senti nyeusi kwa lenzi yangu. Kikonyo cha kushoto kipo. Cha kulia kimesagika.

Ndipo Tazmin akaweka senti nyekundu mezani. Cha kushoto hakuna. Watu wazima wakaacha meza zao kuja kuiona. Iko kabatini.

Wakati wa kutoka aliniambia, kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza tangu tujuane: asante sana dada, lakini nilikuuliza mara mbili.

Jumapili, 8 Machi
Nimelia kidogo, kisha nimefikiri. Kosa nimeligundua. Unga wa ngano ni laini mno, unavutika. Hauwezi kuaminiwa katika mambo ya kushoto na kulia. Kunahitajika kitu kigumu.

Mzee ameniruhusu kuchagua senti nyingine kwenye kopo lake Jumamosi ijayo. Lenzi nitamrudishia Tazmin, tubadilishane na kitu cha maana, kwa kuwa siihitaji.

Daftari halijajaa lakini nalituma hivyohivyo. Shangazi, Kiswahili utasahihisha baadaye. Kwanza nijibu hili, tafadhali, siku hiyohiyo utakayolipokea: ugali wa sembe na ugali wa dona, upi haugeuzi?