Mia Tano na Tatu Toa Mia Mbili Sitini na Saba

Jumatatu moja, saa nne kamili asubuhi, Kurugenzi ya Ugunduzi na Usahihishaji wa Makosa ya Wanafunzi ilitangaza kwamba kukosea kiholela kumefika mwisho. Kuanzia siku hiyo kila kosa lingeandikwa kwenye Fomu M-7, nakala tatu, kisha lipelekwe mbele ya Kamati ya Uthibitisho ili wataalamu waseme kama kweli ni kosa au linasingiziwa tu. Mpaka kamati iseme, ilikuwa marufuku kwa mwalimu, mzazi, au mwanafunzi mwenyewe kulisahihisha. Kusahihisha mapema, waraka ulieleza, ni kuharibu ushahidi wa utafiti.

Mratibu wa Makosa wa wilaya alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Alikuwa amepewa mhuri, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na meza yenye droo inayofungwa kwa ufunguo, na mtu akishapata droo ya namna hiyo huanza kuamini mambo mengi. Aliahidi kwamba kosa la kwanza la wilaya yake litafika makao makuu kabla wino wa waraka haujakauka.

Lilifika. Lilikuwa la binti yake.

Binti huyo alikuwa darasa la nne, na siku hiyohiyo, kwenye daftari lake, alikuwa ameandika kwamba 503 kutoa 267 ni 364. Jibu ni 236, kama mwalimu wake alivyojua na kama Mratibu alivyojua. Mwalimu, mama wa makamo aliyezoea kuchomeka chaki kwenye nywele kama wengine wanavyochomeka kalamu, alikuwa na desturi moja tu ya kushughulikia mambo haya. Humwita mtoto mezani, humwambia, "Niambie ulivyofika hapa," halafu hunyamaza na kusikiliza. Alikuwa ameshafungua kinywa kumwita mtoto pale Mratibu alipoingia darasani na mhuri wake, akaligonga daftari, akatangaza kwamba hesabu ile sasa ni mali ya utafiti.

"Nimpe dakika tano tu," mwalimu akasema.

Mratibu akamwonyesha aya ya pili ya waraka. Waraka uliongeza pia kwamba, kwa ajili ya uthabiti wa matokeo, mwanafunzi aendelee kutoa kwa njia ileile aliyokosea nayo mpaka atakapopewa taarifa. Mtoto alitii vizuri mno. Kwa wiki sita alitoa namba za kila aina, na kila mara kwenye kila safu alichukua tarakimu ndogo akaitoa kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu na ipi iko chini. Kuazima kumi kwa jirani hakukumpitia akilini.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukata kitambaa mara moja na kukipatia. Hakuwa na subira na nakala tatu. Alimweleza mumewe kwamba mtihani wa kumaliza mwaka ni Alhamisi ijayo, kwamba nusu yake ni hesabu za kutoa, na kwamba mtoto atarudia darasa kwa sababu baba yake ana mhuri.

"Baba Watoto," akasema, "hili kosa limekaa ofisini kwako wiki sita, limenenepa. Litoke kabla ya Alhamisi, au wewe utoke."

Usiku huo Mratibu alimwaga vifungo vya mkewe mezani, akaanza kuviazima kumi kumi na kuvihamisha kwa sauti. Binti akaja, akaangalia, akauliza kama baba anamfundisha. Hapana, akajibiwa, baba hafundishi, baba anahesabu vifungo vyake mwenyewe. Mtoto akamtakia kila la heri, akaenda kulala.

Kesho yake Mratibu akapanda gari hadi makao makuu kuomba kamati ikae. Kamati ikakaa, kwa kuwa chai ilikuwa imeshaandaliwa. Mkurugenzi Mkuu, mtu mwenye tai nzito na kauli nzito zaidi, alishika kalamu ya ubao yeye mwenyewe. Vikokotoo vilikuwa vimepigwa marufuku jengo zima kama vifaa vya kuficha makosa.

"Tatu na saba, nne," akasema, akaandika. "Sifuri na sita, sita. Tano na mbili, tatu." Akarudi nyuma kulitazama jibu lake. "Mia tatu sitini na nne. Mtoto kapata."

Mjumbe mmoja alikohoa, lakini alipotazamwa ilibainika ni kikohozi cha kawaida. Wengine waliinamia karatasi zao kwa bidii ya watu wanaotafuta kitu kilichodondoka.

"Mratibu, una la kuongeza?"

Mratibu alilijua jibu. Lilikuwa limemkaa ulimini, tarakimu zote tatu. Akasikia sauti ya mtu mwingine ikitoka kinywani mwake ikisema kwamba anaunga mkono, mheshimiwa. Akaona aibu, akakisukuma kando kikombe chake cha chai.

Kabla ya saa sita Waraka Namba Tano ulikuwa umeshapigwa chapa. Ulisema kwamba kamati, kwa kauli moja, imegundua kosa si la mwanafunzi bali la walimu wote kwa vizazi vyote, na kwamba njia ya kutoa iliyothibitishwa na Mheshimiwa ndiyo itakayotumika katika ofisi zote za Kurugenzi, bila ubaguzi wa hesabu. Mratibu akauliza kwa unyenyekevu kama Baraza la Mitihani limearifiwa. Halikuwa limearifiwa. Baraza lilikuwa na jengo lake ng'ambo ya barabara, na wakubwa wa majengo hayo mawili walikuwa hawasalimiani. Kwa hiyo Alhamisi mtoto angeulizwa kwa njia ya zamani na kujibu kwa njia ya Mheshimiwa.

Kazi ya kusambaza waraka akapewa yeye. Alipita mlango hadi mlango, hoi, mpaka akafika kwa karani wa utumishi. Huyu alikuwa mzee mpole, mwenye magoti mabovu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akihesabu miezi iliyobaki astaafu. Mezani kwake palikuwa na orodha ya mwaka ya watumishi waliotimiza miaka sitini.

Karani akausoma waraka mara mbili. Akavaa miwani, akausoma mara ya tatu.

"Ofisi zote?"

"Zote, mzee wangu."

"Mwaka huu ni 2023. Mimi nimezaliwa 1966." Karani akaandika safu kwa safu, ndogo kwenye kubwa. "Nina miaka elfu moja mia tisa arobaini na mitatu." Akaweka kalamu chini, na uso wake ukafunguka kama dirisha. "Nilijua tu nimechoka."

Mratibu angeweza kumzuia. Alimfikiria binti yake, akafikiria kile kikohozi cha kawaida, kisha akavuta kiti akakaa, akaanza kumsomea tarehe za kuzaliwa kutoka kwenye majalada.

Saa tisa barua zilikuwa mezani. Kamati nzima na ofisi zote za makao makuu, karani mwenyewe akiwemo, zilistaafu kwa mkupuo. Aliyepona ni msichana wa mapokezi, mzaliwa wa 2001, mwenye miaka yake ishirini na miwili kwa njia zote mbili. Mratibu mwenyewe, wa 1984, alikuwa na miaka 1,961, mkubwa kuliko bosi wake. Barua ya Mkurugenzi Mkuu, mzaliwa wa 1970, ilimshukuru kwa utumishi akiwa na umri wa miaka 1,953, ikamkumbusha kwa heshima kwamba ameupita umri wa kustaafu kwa miaka 1,913, hesabu ambayo nayo ilikuwa imefanywa kwa njia iliyothibitishwa.

Mheshimiwa aliwaita Mratibu na karani, uso umemvimba. Alitaka barua ifutwe mara moja. Karani akamweleza, taratibu, kwamba inafutika. Ikiwa waraka ulikuwa na kosa, ijazwe Fomu M-7, na mkosaji akikiri mwenyewe hakuna haja ya kamati. Ni mstari mmoja na saini.

Mheshimiwa akaisoma fomu kwa muda mrefu.

"Hapa pameandikwa 'mkosaji'."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Hakuna fomu nyingine?"

Hakukuwa na nyingine. Mratibu akaomba kalamu, akajaza ya kwake palepale, nakala tatu: kwamba tarehe fulani, mbele ya kamati, aliunga mkono hesabu aliyoijua si sahihi, kwa woga. Ilikuwa fomu ya kwanza ya mtu mzima katika historia ya Kurugenzi. Alipotia saini alisikia mwili mwepesi hata akataka kucheka. Karani akaigonga mhuri, akamrudishia umri wake wa miaka thelathini na tisa. Wajumbe wengine waliletewa fomu, wakaitazama, wakaomba watafutiwe maboksi ya kufungia vitu vyao.

Jioni ikabidi awepo mtu wa kukaimu. Walikuwa wamebaki wawili, na msichana wa mapokezi alisema yeye ana simu za kupokea. Agizo la kwanza la Kaimu Mkurugenzi lilikuwa la sentensi moja, kwamba mwalimu akiona kosa amsikilize mtoto na kumsahihisha hapohapo. Hakusubiri lipigwe chapa. Alilipeleka mwenyewe, Jumatano, darasani.

"Niambie ulivyofika hapa," mwalimu akasema.

Binti akaeleza kwamba tatu hawezi kutolewa saba, anaonewa, kwa hiyo yeye alikuwa anawageuza ili kumsaidia. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza kama tatu hana jirani. Mtoto akatazama sifuri, akatazama tano, halafu akaicheka hesabu yake mwenyewe mpaka kalamu ikamwanguka. Ilichukua dakika sita. Alhamisi alifanya mtihani, na akapanda darasa.

Mheshimiwa aliagwa Ijumaa kwa heshima zote. Hakuigusa fomu. Mshereheshaji akasimama, akasoma kwamba leo tunamuaga kiongozi mwenye umri wa miaka elfu moja mia tisa hamsini na mitatu, na ukumbi ukapiga makofi. Mheshimiwa akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti, maana hakuwahi kupenda takwimu zitolewe kwa ulegevu.

"Na miezi minne," akasema.