Ombi la Kurudishiwa Ugomvi Wangu

Ndugu Mchekeshaji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umeketi. Mimi ni mwandishi wa mabango. Kwa miaka kumi na miwili nimevihudumia vyama vyote viwili vya siasa kwa uaminifu: neno WASALITI ni lilelile, nabadilisha rangi tu. Nilikuwa mtazamaji wako mwema hadi Jumamosi ile ulipouacha utani wa televisheni, ukawaita wananchi uwanjani waje kupunguza sauti za ugomvi wa vyama. Tangu hapo nimeharibikiwa, nami nalalamika kwa heshima zote kama ifuatavyo.

1. Maneno ya kiasi hayaenei kwenye ubao. Hasira ni neno moja, hata mtoto wa darasa la kwanza analisoma akiwa ng'ambo ya barabara. Watu wako waliniletea haya: "HUENDA UNA HOJA, NAMI HUENDA NINAYO, TUKAE KWANZA TUPOE, TUSIKILIZANE KWA ZAMU." Ubao uliishia kwenye TUKAE. Ikabidi niunge mashuka mawili.

2. Brashi yangu nene ya alama za mshangao imekauka. Nilijaribu kuwawekea moja mwishoni, ya bure. Wakaniomba niifute, tena wakasema tafadhali. Mteja wa namna hiyo sijamzoea, nikaifuta.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Bango la mashuka mawili halibebwi na mtu mmoja. Watu wako walinipa mti wa kushoto, na wa kulia wakampa seremala aliyeichonga miti yenyewe. Huyo ni kaka yangu. Tunafanya kazi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na tulikuwa hatujasemezana miaka miwili, tangu aliponiita kasuku wa chama changu nami nikamwita kibaraka wa chake. Miaka yote hiyo nilikuwa natunga neno la kwanza nitakalomwambia. Lilikuwa zito, lenye methali mbili na laana moja ndogo. Sasa bango nalo lina tabia zake: mmoja akibaki nyuma, linapinda na maandishi hayasomeki. Kazi ya mikono yangu ikaanza kuniaibisha mbele za watu. Nikasema, "Kaka, unanivuta." Neno la miaka miwili likapotea hivyo hivyo. Naye akanijibu, "Samahani, mdogo wangu. Twende polepole."

Ndugu, hakuna laana inayoweza kufuata baada ya hapo. Nilijaribu.

4. Mama amekosa kazi. Yeye ndiye aliyekuwa akitupelekea habari. Nikimwambia, "Mwambie mwanao arudishe ngazi," alikuwa akizunguka pazia na kumwambia, ingawa mwanawe alikwisha kusikia na kukataa. Siku hizi anashinda akiimba, na mchuzi anautia chumvi mara mbili kwa furaha. Sisi ndio tunaoula.

5. La mwisho ni baya kuliko yote. Juzi redio ilitoa hotuba ya kiongozi wa chama cha kaka, nikasikia mtu anasema, "Lakini hapo kasema kweli." Nikageuka nimwone huyo mpuuzi ni nani. Chumbani nilikuwa peke yangu.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Majirani wetu wamelima misimu yote, na sasa wananiangalia kwa kunihurumia, kama mtu aliyefiwa na ugomvi wake. Kwa hiyo naomba mojawapo: ama utangaze kwenye kipindi chako kwamba kaka ndiye aliyeanza, ama unitafutie adui mwingine, awe wa karibu, nisije nikalazimika kupanda basi kwenda kumnunia mtu. Bila hasira mimi ni mtu wa kawaida mno. Nilikuwa silijui hilo, na limeniuma.

Nisalimie wapiga vyombo wako, mpiga picha, yule dada wa kipaza sauti, na wanachama wa vyama vyote viwili, kila mmoja kwa zamu yake.

Ni mimi, mwenye hasira kidogo iliyobaki,
Mwandishi wa mabango

N.B. Adui usimtafute tena. Ila ukiitisha mkutano mwingine, tafadhali tujulishe mapema, tupate kutoka nyumbani alfajiri. Goti la kaka linamuuma tangu mwaka jana. Nilikuwa nikimsikia nyuma ya pazia anavyoburuta mguu, nikadhani ni maringo.