Msalaba wa Msufi

Jumapili, 8 Machi 2026

Kanisani, Tingi. Katekista Nikodemo kahubiri kwamba maisha ya Mkristo ni safari ya imani, na safari hiyo haina lifti. Kisha katangaza: Jumamosi jumuiya yetu inakwenda Somanga kwa miguu, tukisali Njia ya Msalaba barabarani. Dismas kaanza kunyanyuka kuomba aubebe msalaba. Dismas ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na baada ya Pasaka anagombea uenyekiti wa jumuiya. Na mimi nagombea. Nikawahi kusimama, nikasema nitaubeba peke yangu, mwanzo hadi mwisho. Makofi. Vigelegele. Mke wangu Flora kaniangalia kama mbuzi aliyeingia sakristia.

Tatizo: mimi hata sokoni naenda kwa bodaboda.

Jumanne, 10 Machi

Nimeuchukua msalaba nyumbani, nikidai nataka kuupiga msasa. Mninga mtupu. Nimejaribu kuubeba mpaka kwenye mikorosho ya jirani, nikarudi nauburuza. Nikaenda kwa Stefano, fundi seremala, anichongee mwingine wa kipimo hichohicho, ila wa msufi. Msufi ni mwepesi kama mkate. Stefano kauliza kama ni wa watoto kuchezea. Nikamwambia ni siri ya kiroho. Nimeupaka dawa ya viatu ya kahawia. Mtakatifu Petro mwenyewe hawezi kuutofautisha.

Ule wa kweli nimeusukuma uvunguni. Flora kauona akifagia. Kauliza Bwana amekosa nini hata alazwe na ndala zangu.

Alhamisi, 12 Machi

Msalaba umepungua uzito, lakini Somanga haijasogea. Nimekwenda kwa Hussen, dereva wa bodaboda. Mpango: wenzangu watangulie, mimi nibaki nyuma nikitafakari. Hussen anichukue, apite njia ya ndani kwenye mikorosho, anishushe mbele, nijitokeze nimechoka kitakatifu. Hussen kakubali, ila kasema huu ni mwezi wa Ramadhani na amefunga. Kunibeba atanibeba, lakini akiulizwa hatasema uongo. Nikamjibu hakuna anayemuuliza bodaboda mambo ya imani. Na mimi nimefunga. Kwaresima hii nimeacha pilipili.

Jumamosi, 14 Machi

Naandika nimekaa, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Tuliondoka alfajiri. Rozari, nyimbo, Dismas na raba mpya. Tulipoziacha nyumba za mwisho nikamwambia katekista watangulie, nataka kuzungumza na Mungu faragha. Katekista kaguswa. Dismas kakunja uso. Wakaenda.

Wote isipokuwa Bibi Antonia. Ni mjane, goti lake bovu, na Tingi nzima hakuna asiyempenda. Nikamwamkia shikamoo, nikamsihi awafuate wenzake.

"Marahaba, mwanangu. Hata Bwana alikuwa na Simoni wa Kirene wa kumsaidia kuubeba. Sikuachi."

Tukatambaa. Niliposikia pikipiki ya Hussen nikampungia apite. Hakuelewa. Akasimama.

"Baba Cecilia, nimekuja. Si ndiyo tulivyopatana?"

Bibi Antonia akamtazama Hussen, akanitazama mimi. Macho yakamjaa machozi.

"Optatus, umenikodia mimi usafiri?"

Ningesema nini? Nikasema ndiyo. Tukampandisha, akaenda zake huku ananibariki mpaka wakapotea machoni.

Nikabaki na barabara na msalaba. Kisha mvua. Hakuna banda, hakuna gari, hakuna mtu wa kunisifu. Nilisali Salamu Maria bila kusikiliza sauti yangu ilivyo nzuri, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Nikaingiwa na utulivu fulani kifuani. Nadhani ilikuwa njaa.

Somanga walinipokea kama askofu. Bibi Antonia alishawasimulia. Wanawake walilia. Hata Dismas alinipa mkono. Uenyekiti niliuona kwa macho. Ndipo katekista akawaalika waamini waje waubusu msalaba.

Kubusu sikukufikiria.

Walibusu kwa ibada kubwa, mmoja mmoja, wakarudi na midomo ya kahawia. Katekista alibusu mwisho. Akajipangusa, akanusa kidole. Akaunyanyua msalaba kwa mkono mmoja kama mwavuli. Dismas alimfuata Hussen kivulini, akamuuliza alikodiwa ambebe nani. Hussen akamjibu alichoulizwa.

Jumapili, 15 Machi

Katekista hakunitaja jina katika mahubiri. Alisema tu "ndugu yetu wa msufi", na kanisa zima likageuka kunitazama. Flora kautoa msalaba wa kweli uvunguni, kajitwika kichwani, kaupeleka kanisani mchana kweupe huku anaitikia salamu za watu. Dismas ameanza kusalimia kama mwenyekiti.

Nimekwenda kumwomba Bibi Antonia radhi. Nilitegemea machozi. Kacheka mpaka kashika goti. Kasema kama Mungu aliweza kusema kwa kinywa cha punda, kumtumia Optatus hakumshindi. Kisha kanipa chai, nami nikashindwa kumwangalia usoni.

Katekista kanipa malipizi: kila Jumapili nimsindikize Bibi Antonia kanisani, kwa miguu, nimemshika mkono. Nimekubali kwa unyenyekevu.

Jumatatu, 16 Machi

Nimefikiri sana juu ya malipizi yangu. Bibi Antonia anapendwa na kila mtu. Anayemshika mkono anaonekana na kila mtu. Tena anatembea taratibu, mtu ana muda wa kutosha kukutazama na kuguswa.

Kasoro ni moja. Kutoka kwake mpaka kanisani ni karibu mno. Nimemwambia kwamba kwa goti kama lile, dawa ni mazoezi. Jumapili tutazungukia kisimani, tupite kwa Stefano, tupande mpaka sokoni, ndipo tuteremke kanisani. Wapiga kura wote wako upande huo.