Kofia ya Babu Chini ya Hadubini

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mtafiti Loveness amefika hapa Kambarage na hadubini. Anachunguza manyoya yaliyobaki kwenye mapambo ya wazee wa kale. Yakithibitika, jina la mwenyewe linaandikwa kwenye makumbusho. Nimefungua sanduku. Kofia ya manyoya ya simba! Babu Maganga aliivaa baada ya kumuua simba, akacheza nayo kijiji kwa kijiji, akitunzwa ng'ombe. Bado inanuka ugoro wake. Nimelia kidogo. Jirani yangu Ndaki, tuliyekua pamoja, akasema huyo ni mbuzi. Wivu. Babu yake hakuua hata fisi.

Jumanne, 5 Agosti
Babu alikuwa mtanashati. Siwezi kumpeleka na vumbi. Nimepaka samli kofia nzima, unyoya kwa unyoya. Mke wangu Salome ameuliza samli imekwenda wapi. Nikasema sijui.

Jumatano, 6 Agosti
Aibu. Loveness aliinamia hadubini, akasema anaona mafuta matupu. Akaosha unyoya mmoja mmoja kwa dawa. Kumbe kila mnyama ana magamba yake kwenye unyoya. Akatazama thelathini. Mbuzi, mbuzi, mbuzi. Ndaki alikuwa mlangoni. Nikamsihi Loveness aandike simba, hata kwa penseli. Akakataa kwa heshima zote.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekwenda Songwa kwa Shangazi Esta. Nikamuuliza kama Babu alitudanganya. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema simba alikuwa simba kweli, ila kila mtoto wa ukoo aliyekuwa na hofu, Babu alimng'olea unyoya mmoja akamfunga mkononi. Bibi akaziba mapengo kwa manyoya ya mbuzi. Nikakumbuka! Mimi nilifungwa siku ya kwanza ya shule. Mafundo mawili, vidole vigumu vya mkulima wa pamba. Nilikwenda kifua mbele. Leo nimemkumbuka sana yule mzee.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilimng'ang'ania Loveness aipekue kofia yote. Amepata mmoja, chini ya mshono. Simba halali! Amenirudishia ndani ya bahasha. Jina la Babu litaandikwa. Nimeapa sitaghushi tena kitu chochote cha Babu.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya misa Ndaki amekuja, bila kejeli. Kesho anapasuliwa ngiri. Anaogopa. Alisema utotoni alikuwa akisimama kwenye uzio wetu wa minyaa, akitazama Babu anavyotufunga. Kwao hakukuwa na wa kumfunga. Akaomba ule unyoya wa simba.

Nimemhurumia sana. Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, nikawaza. Nikatoka na unyoya, nikamfunga mafundo mawili. Akatulia palepale. Akasema simba ni simba, nguvu zake anazisikia mpaka begani. Nikamwonya asiulowanishe.

Nilimchagulia mrefu kabisa, maana mbuzi wa Bibi walikuwa na manyoya mazuri. Wa simba uko kwenye bahasha, chini ya godoro langu.