Mishono Ndani ya Jicho la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei

Mama mkwe katoka hospitali na kafikia kwangu! Si kwa shemeji, kaka wa mke wangu, muuza dawa mwenye makochi ya ngozi. Kwangu mimi, fundi cherehani! Jicho moja limefungwa bandeji. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ulibanduka. Wakaurudisha na kupuliza gesi ndani iukandamize. Amri ni moja: alale kifudifudi wiki nzima, gesi isihame.

Nikamuuliza daktari adui ni nani. Akasema ni kovu. Retina ikichanika, seli fulani za nyuma yake zinatoka kazini na kuzurura ndani ya jicho. Kuna protini inazipigia mbiu kwamba kuna jeraha, njooni mzibe. La mgambo likilia lina jambo! Basi zinageuka mafundi, zinafuma nyuzi, zinavuta. Jeraha limeshaziba, mbiu bado inalia, nazo zinazidi kuvuta. Retina inakunjamana, inabanduka upya. Hapo mama hataona tena kwa jicho hilo.

Nikacheka. Hiyo ndiyo sayansi? Uzi uliovutwa kupita kiasi! Suti ngapi nimeziharibu hivyo hivyo! Darasa niliishia la saba, lakini udaktari wa macho nimehitimu leo, nikiwa nimesimama.

Jumanne, 5 Mei

Mama analia shingo. Shemeji kaleta mto. Mto! Nikachukua meza yangu ya kukatia vitambaa, nikaitoboa tundu la uso, nikalizungushia sponji na satini nyekundu. Mama kalala, uso tunduni, raha mustarehe. Kasema, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye, kwamba kumbe mkwe ana akili. Nimewatangazia majirani wote, hata yule kiziwi. Shemeji kabeba mto wake kaondoka kama mtu aliyefiwa.

Jumatano, 6 Mei

Sifa tamu jamani! Nimeongeza. Kioo chini ya meza, mama aone televisheni. Kengele ya kuniitia. Satini ya zambarau juu ya nyekundu, maana nyekundu peke yake ilikuwa mpweke. Sponji zaidi. Na zaidi.

Mchana mama akataka kwenda msalani. Kichwa hakitoki! Mke wangu anavuta, mimi nasukuma, kengele inalia yenyewe. Kutoka chini ya meza mama akatangaza kwamba siku akitoka humo, mmoja wetu atahama nyumba hii, na si yeye. Shemeji akaja mbio, akakata satini zote mbili. Kwa mkasi wangu! Huku anatabasamu!

Mama alipochomoka, akainua uso juu ili anitukane vizuri.

Uso juu! Na gesi je? Nimeacha kula. Mama wa watu, nimemwua jicho kwa satini.

Ijumaa, 8 Mei

Hospitali. Daktari kachungulia. Mke wangu kanifinya mkono hadi damu ikagoma. Halafu daktari akasema retina imelala bapa, kama shuka iliyopigwa pasi. Nikamkumbatia. Nikamkumbatia na mfagizi aliyekuwa anapita. Nikamkumbatia hata shemeji, lakini kwa ufupi.

Mama akauliza kama kuna dawa ya kuzuia kovu. Daktari akasema watafiti wanatafuta namna ya kuinyamazisha ile protini, seli ziambiwe imetosha. Kwa sasa alale alivyoagizwa, na sisi tumwache. Sijui kwa nini aliniangalia mimi.

Akauliza kama nimelielewa kosa la seli hizo. Nikamwambia sana! Zina moyo mzuri, ila hazijui kuacha. Maskini, hazina ndugu wa kuziambia?

Mama akakohoa. Mke wangu akakohoa. Shemeji akakohoa mpaka machozi. Familia nzima ina mafua, na hakuna aliyeniambia.

Jumamosi, 9 Mei

Mama kairudia meza yangu! Tundu pana, sponji kiasi, satini hakuna. Kasema ni nzuri ilivyo na nisiiguse. Kanitaka niape. Nimeapa.

Sasa kalala, anakoroma kwa amani, na mimi namtazama kwa upendo. Kazi safi kabisa. Haina kasoro.

Ila pale pembeni sponji imeinama kidogo. Mshono mmoja tu, na mwenyewe hatajua. Uzi nimeshautunga kwenye sindano.