Mjukuu wa Ngome ya Mulowe

Alhamisi, 10 Julai

Baridi. Vumbi. Jumapili kwaya ya parokia yetu hapa Hewa Bora inachagua rais, na rais atakuwa mimi, Anaclet. Désiré amekikalia kiti hicho mpaka kimechukua umbo lake. Yatosha! Sauti anayo, sikatai. Lakini kwaya haiongozwi kwa koo peke yake.

Jumamosi tunakwenda kutembelea ngome ya kale ya chifu Mulowe, upande wa Lukafu. Kuta nene za udongo, handaki pande zote, kazi ya kabla ya wazungu. Inasemekana wafu wake hukohoa hata mchana. Wenzangu wameanza kuogopa. Vizuri. Huko ndiko itakakojulikana nani kidume.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya mazoezi nilitoa siri, kwa kila mtu: Mulowe ni babu wa babu yangu. Hortense, ambaye kura za akina mama zinamfuata yeye, akasema kumbe ndiyo sababu natembea vile. Désiré akauliza mbona sijawahi kusema. Nikamjibu kwamba damu ya kichifu haijitangazi.

Nyumbani Mado, mke wangu, alikuwa ameshapata habari. "Baba Chance, babu yako alikuwaka mupishi wa mu train," akasema. Nikamwambia hata machifu hupika wakisikia njaa. Nikalala na kiburi changu chote.

Jumamosi, 12 Julai

Mlangoni tulimkuta mama Adolphine, mtunza ngome. Desturi ni rahisi. Mgeni anapiga magoti, anapiga makofi, anataja jina, anadondosha unga kidogo chini, anapita. Désiré alipita hivyo. Wote walipita hivyo. Zamu yangu ilipofika nilikataa magoti. Nikataja ukoo wangu kwa sauti ya besi, hata wa mbali wasikie.

Mama Adolphine akanitazama sana. Akauliza sisi wa ukoo tulikuwa wapi miaka yote hii, nyasi zikimea juu ya makaburi ya wakubwa wetu. Akaniwekea kifagio mkononi. "Bageni bapite. Weye, mutoto wa mu nyumba, fagia kwanza."

Ningeweza kukiri. Lakini Désiré alikuwa ananiangalia. Nikafagia.

Wao walitembea juu ya ukuta, wakapiga picha, wakamega ugali wetu wa bukari kwa kuku. Mimi handakini. Mama Adolphine alisema mwenye nyumba hali mpaka wageni washibe. Alasiri kitu kikakohoa nyuma ya mgongo wangu. Sikukimbia. Nilipanda juu kwa haraka kuomba kifagio kingine. Kwamba nilikanyaga sufuria ya kuku njiani, hiyo ni ajali. Aliyekohoa alikuwa mbuzi. Kwaya nzima ilikuwa imemwona kabla yangu.

Jumapili, 13 Julai

Désiré ameshinda. Hortense hakunitazama usoni.

Nimeumia, humu sidanganyi. Nimeimba mstari wa nyuma tangu ujana, na nilitaka mara moja tu watu wasimame nikiingia. Badala yake wamenikabidhi usafi wa kanisa. Désiré alisema nina uzoefu. Wakacheka, na padri pia. Nikashukuru kifua mbele, nikaondoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Jumatatu, 14 Julai

Mado anasema nimpelekee mama Adolphine ukweli, maana tulipoagana aliniagiza nirudi kabla ya mvua, na jembe, pamoja na ukoo wangu wote. Nimekataa. Mtu hajiuzulu babu zake.

Jioni kulikuwa na kikao. Désiré, ndani ya kiti chake, alipendekeza safari ya mwaka ujao: ziwa ambamo machifu wa zamani walizikwa, na ambalo wavuvi hawalisogelei. Alipouliza nani analijua, mkono wangu ulikuwa juu tayari.

Nikawaambia ziwa hilo pia ni letu, upande wa mama.