Kiti cha Dirishani ni cha Mwenye Moyo Mbovu

Jumatatu, 4 Machi

Mtukufu amerudi kazini. Alipokuwa hospitali nilimwombea kwa dhati. Sikujua atarudi akiwa hivi.

Mtukufu ni jina la humu daftarini tu. Kwa watu ni karani mwenzangu wa masjala. Meza zetu zinatazamana. Mshipa mmoja wa moyo wake uliziba. Madaktari wakapitisha mrija mwembamba kuanzia kifundo cha mkono hadi moyoni, wakauzibua, wakaacha humo kijibomba cha wavu ili usizibe tena. Anayaeleza haya akiwa amekunja mkono wa shati, akionyesha alama ndogo kama ya kuumwa na mbu. Ofisi nzima ilipanga mstari kuitazama. Mimi nina kovu la pasi, kubwa mara tatu. Hakuna aliyewahi kuliulizia.

Kabla ya saa nne alikuwa amepewa kiti cha dirishani, kile chenye mikono. Dada Mpiga Chapa akamletea maji bila kuombwa. Glasi yangu naijaza mwenyewe tangu niajiriwe.

Kisha Mkuu wa Masjala akatangaza kwamba majalada ya zamani yanahamia ghala la chini, na karani mmoja atahama nayo. Chini hakuna dirisha. Kuna taa moja inayopepesa, na kuna kitu kinachotafuna ndani ya maboksi. Kikisikia mtu kinanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakonitisha zaidi. Mkuu alimtazama Mtukufu, akasema hatuwezi kumpandisha na kumshusha mgonjwa ngazi zile. Halafu akanitazama mimi. Ataamua Ijumaa.

Jumanne, 5 Machi

Sikulala. Nimewaza mpaka nimefikia hitimisho: mzima hana mtetezi. Nahitaji moyo mbovu kabla ya Ijumaa.

Nilikwenda zahanati saa ya chakula. Nilijiandaa vizuri. Kahawa nzito, chumvi ya kulamba, ngazi kwa mbio. Muuguzi hakunipima papo hapo. Aliniambia nikae kwanza, mgongo uegemee, miguu iguse sakafu, mkono uwe mezani, na nifunge mdomo. Nilifunga mdomo na kuliwaza ghala kwa nguvu zangu zote. Presha ikapanda kidogo. Nikafurahi, na nadhani aliona. Akasema hiyo ni kahawa na woga, tusubiri. Tukasubiri. Akapima tena, akanivua mkanda wa kipimo, akasema, "Kaka, moyo wako unadunda kama saa mpya. Nenda kazini, acha wagonjwa wapite."

Akanipa kijitabu cha magonjwa ya moyo na mishipa, labda kwa huruma. Nimekisoma chote. Kinasema shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mtu hutembea nalo miaka, nalo linamla moyo, figo na ubongo kimyakimya, ndiyo maana watu wanahimizwa kupima hata wakijisikia wazima. Halinifai. Ugonjwa usioonekana Mkuu atauonaje?

Jumatano, 6 Machi

Ukurasa wa shambulio la moyo una kila kitu. Kifua kubanwa kana kwamba umelaliwa na gunia, maumivu kwenda mkononi au tayani, jasho jembamba, pumzi kukata. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Shangazi, ninayeishi naye, akafungua mlango akaniuliza natafuta nini kwapani.

Ofisini nilisubiri Dada Mpiga Chapa apite. Akapita. Nikashika kifua, nikaegemea kabati, nikateleza taratibu. Ilikuwa kazi safi. Lakini aliyenifikia kwanza ni Mtukufu. Aliruka kutoka kwenye kiti chenye mikono, akanikalisha chini, akalegeza tai yangu, akauliza maumivu yanakwenda mkono gani. Nikasema wa kushoto. Akaniuliza mbona nimeshika wa kulia. Akagusa paji la uso wangu, kavu. Akanibonyeza kifuani kwa kidole kile cha kupigia mihuri, nami nikapiga yowe la kweli.

Akawageukia watu. Akasema kwa sauti ya upole kwamba inaonekana ni msuli tu, lakini hataki kubahatisha, nipelekwe nipimwe, maana yeye alidhani ni gesi, akanywa soda, nusura azikwe na soda yake. Wanawake wawili wakafuta machozi. Dada Mpiga Chapa akampepea kwa jalada. Yeye. Mimi nilikuwa sakafuni.

Nilipelekwa zahanati kwa gari la ofisi. Muuguzi aliponiona akasema, "Saa mpya imerudi."

Nimemjengea mtu jukwaa, nikamwashia na taa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimegundua kosa langu. Mtukufu haigizi dalili. Anameza vidonge. Asubuhi anavipanga mezani, kimoja cha kufanya damu isigande, kimoja cha mafuta, kimoja cha presha, na ofisi inanyamaza kana kwamba anakula kiapo. Kidonge hakina mkono wa kulia wala wa kushoto. Kinajieleza.

Na vidonge vipo nyumbani. Moyo wa Shangazi umechoka kusukuma damu, maji yanamjaa miguuni. Dawa zake huzipanga kwenye trei ya mayai, kila shimo asubuhi moja, juu ya kabati la vyombo. Ameshaniambia mara nyingi kwamba dawa ya mtu si karanga za kugawana. Nimechukua kimoja tu, kidogo, cheupe, kutoka shimo la kesho. Vidogo havina madhara. Kesho jioni nitamwambia.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Nilikimeza mbele ya Mkuu, kwa kuguna kidogo. Dada Mpiga Chapa akauliza ni cha nini. Nikasema cha moyo, nikatazama pembeni. Uso wa Mkuu ukalainika. Dada akaigeuzia feni upande wangu. Na Mtukufu, naapa, alinitazama kwa wivu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile kazini.

Kisha kibofu kikaniita.

Choo cha wafanyakazi kiko chini, mkabala na ghala. Safari ya kwanza nilitembea. Ya pili niliharakisha. Baada ya hapo nilikuwa nakimbia kushuka kwa sababu ya haja na kukimbia kupanda kwa sababu ya kile kinachotafuna. Mimi sikuhesabu, walinihesabia wengine. Mlinzi wa mlangoni akaanza kunipigia saluti. Mwishowe kichwa kikawa chepesi, ukuta ukaanza kuinama.

Mtukufu akanidaka, akauliza kidonge kilifananaje. Nikakieleza. Akauliza nimekipata wapi. Nikaushika ukuta. Akaniambia hicho ni cha kutoa maji mwilini, wanapewa watu waliovimba, na kwamba mzima akikimeza anaweza kuanguka na kupasua kichwa. Halafu akacheka mpaka akashika kifua, na Dada Mpiga Chapa akaacha kunipepea mimi, akaenda kumpepea yeye.

Mkuu alikuwa amesimama juu ya ngazi na kikombe chake. Akatoa uamuzi papo hapo. Alisema karani anayepanda na kushuka ngazi vile, wala hatweti, ni neema kwa ghala. Akaongeza kwamba na choo kiko karibu.

Nyumbani nikamkuta Shangazi ameketi, miguu juu ya kigoda, viatu vimegoma kumwingia. Asubuhi alikuta shimo limepungua kidonge. Macho yake hayaoni vizuri, akadhani alikwisha kukimeza, akaogopa kumeza viwili. Mchana akaenda kujipanga foleni zahanati kuuliza. Muuguzi akamwambia kuna kijana mmoja anamfahamu, karani anayeutafuta ugonjwa wa moyo wiki nzima, naye akajua ni mimi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniambia, "Mtoto wa kaka yangu, umenimezea miguu yangu." Akauliza tangu lini mtu akamwonea wivu anayenyeshewa kwa sababu tu amepewa mwavuli. Nimemkanda miguu mpaka akasinzia. Nimelia kidogo, jikoni.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kwanza ghalani. Kinachotafuna ni panya mmoja mdogo. Ananiogopa. Hilo limenipa moyo.

Saa tano nikasikia nyayo kwenye ngazi, polepole. Mtukufu, na Dada Mpiga Chapa kando yake, anamhimiza avute pumzi. Daktari wake amemwambia moyo uliozibuliwa hautaki kubembelezwa kwenye kiti. Atembee kila siku, apande ngazi kidogokidogo, aache sigara. Basi atakuwa anashuka kila siku. Akisindikizwa.

Dada alipotangulia juu, yeye akabaki. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba usiku huweka mkono kifuani akausikiliza moyo, akaogopa kulala usije ukanyamaza. Akasema angetoa kiti, maji, feni na vyote, apate moyo wangu wa saa mpya. Nikamwambia pole, ndugu yangu. Nilimaanisha. Nilimaanisha kama dakika nzima. Halafu Dada akarudi kumfuata, akamshika kiwiko, nikaona kwamba hata woga wake una msindikizaji.

Nikauliza, kwa kupita tu, kiti cha dirishani sasa ni cha nani. Akasema amepewa mhasibu. Mishipa ya miguu yake imevimba na kujikunja, daktari ameagiza asisimame sana na aikweze miguu. Mkuu amemnunulia na kigoda. Chenye mto.

Chenye mto.

Kijitabu kilikuwa mfukoni. Ukurasa wa mishipa ya miguu upo, sijui kwa nini sikuutilia maanani. Kinasema ugonjwa huo huwapata sana wanaosimama kazini kutwa. Na mimi hapa ghalani nasimama kutwa. Safari hii sina haja ya kidonge cha mtu, na Shangazi hataguswa. Kesho nitafika nikichechemea. Mguu wa kushoto. Au wa kulia? Nichague kabla sijalala, niufunge kitambaa, yasije yakanikuta yale ya mkono.